Gaidi au Mpigania Uhuru? Vita na Majina katika Tamthilia ya Deep Space Nine

Utangulizi

Wanafunzi wa uhakiki wa fasihi huuliza mara kwa mara kama hadithi za vyombo vya angani zinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya na tamthilia nyingine. Makala haya yanajibu swali hilo kwa mfano mmoja: Star Trek: Deep Space Nine, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999. Ina misimu 7 na vipindi 176. Hoja yetu ni kwamba uzito wa tamthilia hii hauko katika silaha wala vyombo vyake. Uko katika swali la majina: katika vita, nani anaitwa nani, na nani mwenye haki ya kutoa jina hilo?

Ilikotoka

Star Trek ya kwanza ilianza kuonyeshwa mwaka 1966. Sisi walimu wa Kiswahili tunaikumbuka kwa sababu ya Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake lilitokana na neno letu "uhuru". Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 Uhura anafutwa kumbukumbu, na anapofundishwa upya Kiingereza, Kiswahili kinamtoka kinywani.

Tamthilia ile ilijaa matumaini. Chombo kilifika mahali, wahusika wakatatua tatizo, kisha wakaondoka. Deep Space Nine ilibadili msuko huo. Wahusika wake wanaishi katika kituo kilicho karibu na sayari ya Bajor. Kwa kuwa hawahami, hawawezi kuyakimbia matokeo ya matendo yao. Isitoshe, kituo chenyewe kilijengwa na Wakardasia, walioikalia Bajor kwa takriban miaka 50 na kuwatumikisha wenyeji wake. Sasa Wakardasia wameondoka, lakini mmoja amebaki kituoni kama fundi cherehani, naye zamani alikuwa jasusi. Aliyeonewa na aliyeonea wanapishana njiani kila siku.

Wahusika na majina yao

Mfano wa kwanza ni Kira Nerys, aliyejiunga na wapiganaji wa Bajor akiwa bado mtoto. Kwa Wakardasia yeye ni gaidi. Kwa watu wake ni mpigania uhuru. Waandishi hawakumsafisha. Katika kipindi cha mwaka 1997 anakabiliwa na mtu aliyeumizwa na bomu lake, mtumishi wa kawaida asiye mwanajeshi. Kwa upande wa pili yupo Dukat, aliyeitawala Bajor kwa niaba ya Wakardasia. Yeye hujiona mlezi wa Wabajor, na anasikitika kwamba hawakumjengea hata sanamu moja.

Kipindi kiitwacho "Duet", cha mwaka 1993, kinalichimba suala hili zaidi. Kira anamhoji Mkardasia anayejidai kuwa ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi ya kazi za kulazimishwa. Kumbe alikuwa karani tu, aliyesikia vilio vya wafungwa na kunyamaza. Amejitwika jina la muuaji ili nchi yake ishtakiwe na ikiri makosa. Kira anaamua kumwachia huru, lakini Mbajor mmoja anamchoma kisu kwa sababu moja tu: ni Mkardasia. Hapo Kira, aliyewachukia Wakardasia maisha yake yote, anasema kwamba sababu hiyo haitoshi.

Vita vyenyewe

Kuanzia mwaka 1997 hadi mwisho wa tamthilia, vita vikubwa vinapiganwa dhidi ya dola iitwayo Dominion. Mkuu wa kituo, Benjamin Sisko, aliyeigizwa na Avery Brooks, anataka Waromula waingie vitani upande wake. Katika kipindi cha mwaka 1998 anakubali ushahidi wa uongo utengenezwe; mwishowe seneta mmoja anauawa, na mbinu inafaulu. Mwanafunzi wa fani azingatie usimulizi hapa. Sisko anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, akiirekodi kumbukumbu yake binafsi. Akimaliza, anaifuta. Ameungama bila kusikiwa na yeyote isipokuwa sisi watazamaji.

Mwaka huohuo kijana Nog anapoteza mguu vitani. Anapewa mguu wa bandia, lakini kiwewe hakimtoki. Kipindi kizima kinahusu kupona kwake polepole, na hakuna risasi hata moja inayobadili hali yake. Ni mazungumzo na subira tu.

Hitimisho

Katika ukanda wetu maneno kama mwasi, mkombozi, mkimbizi na msaliti si msamiati wa mtihani tu. Miaka iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliandika insha kuhusu baba yake. Katika ukurasa wa kwanza alimwita mwasi, na katika ukurasa wa tatu akamwita mkombozi. Nilizungushia maneno hayo kalamu nyekundu nikaandika: "Chagua moja." Leo nakiri kwamba nilisahihisha vibaya. Ningalimwomba aeleze ni nani aliyemwita baba yake hivi, na nani aliyemwita vile.

Walimu wenzangu wanaweza kuanzia hapo. Mpeni mwanafunzi mhusika mmoja, kwa mfano Kira, aandike aya mbili: moja kwa sauti ya jamaa zake, nyingine kwa sauti ya walioumizwa na bomu lake. Kisha aeleze ni maneno gani yaliyobadilika na kwa nini. Atajifunza uteuzi wa msamiati na mtazamo wa msimulizi. Pia atajifunza kumsikiliza anayetumia neno lingine kwa mtu yuleyule, jambo tunalolihitaji hata nje ya darasa.