Kompyuta inaposahau kasi uliyoipangia, itazame saa yake kwanza

NI jambo linaloudhi. Umekesha ukiipangia kompyuta yako kasi mpya, umeijaribu kwa michezo na kazi nzito, imekwenda vizuri, ukaizima na kulala. Asubuhi unapoiwasha inakaa kimya kidogo, inajizima, inawaka tena yenyewe, kisha inaamka ikiwa na kasi ile ile iliyotoka nayo kiwandani, kana kwamba hukugusa kitu.

Wengi huamua haraka kwamba ubao mama, ambao mafundi wetu wamezoea kuuita mazabodi, umekufa. Huupeleka kwa fundi, naye akiwa hana muda wa kuuchunguza husema ununuliwe mwingine. Kwa kuwa ubao wa kizazi cha nyuma haupatikani kirahisi, mara nyingi kununua ubao mpya ni kununua pia prosesa na RAM mpya, gharama inayokaribia bei ya kompyuta nyingine.

Hata hivyo, mara nyingi ubao huo ni mzima. Ama umepoteza mipangilio yake kwa sababu betri ndogo ya bei nafuu imekwisha, ama haukusahau chochote bali umekataa kwa makusudi kutumia mipangilio uliyoupa. Haya ni matatizo mawili tofauti kabisa, na tiba ya moja haisaidii lingine. Kinachoyatenganisha ni saa ya kompyuta.

Kwanza ieleweke nini hasa hubadilishwa. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Ubao mama hutoa mapigo ya msingi, ambayo katika kompyuta nyingi za sasa ni megahezi 100, na prosesa huyazidisha kwa namba maalumu. Namba hiyo ikiwa 40, prosesa hukimbia kwa gigahezi 4. Mwenye kompyuta akiingia katika BIOS, yaani programu inayoamka kabla ya Windows, akaifanya namba hiyo 45, prosesa itakimbia kwa gigahezi 4.5, iwapo ni ya aina inayoruhusu kubadilishwa.

Ili iihimili kasi hiyo, mara nyingi huongezewa volti. Hapo ndipo joto linapoanzia, kwani umeme unaoliwa na prosesa hupanda sawia na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Volti ikiongezwa kwa asilimia 10, umeme unaoliwa huongezeka kwa takriban asilimia 21 hata kama kasi haikuguswa.

Wapo pia wanaoongeza kasi bila kujijua. RAM ya aina ya DDR4 iliyoandikwa 3200 kwenye boksi lake mara nyingi huamka kwa 2133 au 2400, mpaka mwenyewe aingie katika BIOS na kuwasha XMP, utaratibu ulioletwa na kampuni ya Intel mwaka 2007. Anayeuwasha hudhani anadai haki yake iliyoandikwa kwenye boksi. Kwa ubao mama, hiyo nayo ni kasi ya ziada, na huenda ukaikataa.

Mipangilio hiyo huhifadhiwa wapi? Katika kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981, mtumiaji alipanga mambo kwa swichi ndogo zilizokuwa juu ya ubao wenyewe. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT, ambayo ilibeba chipu ya Motorola iitwayo MC146818. Chipu hiyo ilikuwa na saa pamoja na nafasi ya baiti 64 tu. Baiti 14 zilikuwa za saa yenyewe na 50 zilizobaki zikatumika kuhifadhi mipangilio, zote zikilindwa na betri kompyuta inapozimwa. Teknolojia iliyotumika kutengeneza chipu hiyo huitwa CMOS, na jina hilo limebaki hadi leo.

Saa hiyo huendeshwa na kipande cha fuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ukiigawa namba hiyo kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Fuwele ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyomo katika saa nyingi za mkononi zinazotumia betri.

Katika bodi za miaka hii, sehemu kubwa ya mipangilio imehamia kwenye chipu ya flashi, ambayo haihitaji betri ili kukumbuka. Saa bado inaihitaji. Zaidi ya hayo, bodi nyingi zikigundua kwamba betri imekatika, huihesabu mipangilio yote kuwa ya kutiliwa shaka na kurudi kwenye ile ya kiwandani.

Kwa hiyo jaribio la kwanza halihitaji bisibisi wala fedha. Zima kompyuta jioni, zima na swichi ya ukutani, iache mpaka asubuhi. Unapoiwasha, usiiache ifike kwenye Windows. Ingia moja kwa moja katika BIOS, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2, ukaitazame tarehe na saa. Sharti la kutofika kwenye Windows ni la msingi, kwani Windows ikipata intaneti huirekebisha saa yenyewe na kukufutia ushahidi.

Ukikuta tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa, pengine Januari mosi ya mwaka ambao BIOS hiyo iliandikwa, au saa imechelewa kwa muda mrefu, mshukiwa wako ni betri. Ukikuta saa ni sahihi lakini kasi uliyoipanga imetoweka, betri haina kosa. Ubao umekataa.

Tuanze na betri. Ni kile kidonge cha fedha kinachoandikwa CR2032, maana yake kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ni ya volti 3, na huweza kudumu miaka kadhaa. Wakati plagi imechomekwa na swichi ya ukutani iko wazi, kompyuta ya mezani hupata umeme kidogo wa akiba hata ikiwa imezimwa, na umeme huo ndio unaoilisha saa. Betri hupumzika.

Hapa kwetu desturi ni kuzima ukutani kila usiku, na ni desturi njema kwa usalama wa nyumba. Mgawo wa umeme nao, kama tuliouona mwaka 2006, huiacha kompyuta bila akiba hiyo kwa saa nyingi. Kompyuta iliyotumika ng'ambo ikakaa ghalani na kwenye kontena kwa miezi kadhaa kabla ya kufika dukani nayo imekuwa ikiishi kwa betri muda wote huo. Si ajabu basi ikafika kwa mnunuzi ikiwa hoi.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika tano. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki umalizike, gusa chuma cha kasha ili uondoe umeme tuli mwilini, kisha sukuma kibanio cha betri itoke. Upande wenye alama ya kujumlisha hutazama juu katika bodi nyingi. Mwenye mita ya kupimia volti aipime ile ya zamani: betri mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.8 haifai kutegemewa. Pimeni na ile mpya, maana betri iliyokaa dukani miaka mingi huweza kuwa dhaifu kabla haijatumika.

Betri ya zamani isiachwe mezani nyumbani kwenye watoto wadogo. Ikimezwa na kunasa kooni, huweza kuunguza njia ya chakula katika muda wa saa mbili tu, na mtoto anapaswa kukimbizwa hospitali bila kungoja dalili.

Ikiwa betri ni mpya na saa bado inapotea, tazama karibu na betri kama kuna kijipini cha plastiki kinachofunika pini mbili kati ya tatu, mafundi hukiita jampa. Kazi yake ni kufuta mipangilio. Kikiachwa upande wa kufutia baada ya matengenezo, ubao hautakumbuka lolote, na wakati mwingine hautawaka kabisa. Mahali sahihi pa kukiweka huoneshwa katika kitabu cha ubao husika.

Sasa tuje kwenye ubao unaokataa, ambako ndiko wapenda kasi wengi hukwama. Kila kompyuta inapowashwa hujikagua. Ikishindwa kumaliza ukaguzi kwa mipangilio iliyopewa, hujaribu tena, aghalabu mara mbili au tatu, kisha huiweka kando mipangilio hiyo na kuamka kwa ile ya kiwandani. Kule kuwaka na kuzima nilikokutaja mwanzoni ndiko kujaribu kwenyewe. Bila utaratibu huo, namba moja ya kijinga ingetosha kuiacha kompyuta gizani mpaka mtu aichomoe betri.

Dalili inayowachanganya watu ni hii: kompyuta inakubali kuanzishwa upya mara kumi bila kupoteza kasi, lakini ikilala usiku mmoja inaipoteza. Sababu ni kwamba kuanzisha upya si sawa na kuwasha kutoka baridi. Inapoanzishwa upya umeme haukatiki na vifaa vina joto. Inapowashwa asubuhi, pawa saplai huanza kutoka sifuri, na ubao hulazimika kupima upya namna ya kuelewana na RAM. Mpangilio uliokuwa ukingoni jana usiku hudondoka hapo.

Kwa hiyo usiupangie tena namba zile zile ukitumaini kwamba leo utakubali. Rudisha kila kitu kwenye hali ya kiwandani, uitumie kompyuta hivyo kwa siku mbili au tatu, ukizima ukutani kila usiku. Ikisumbua hata katika hali hiyo, tatizo halihusiani na kasi. Ikitulia, anza na RAM peke yake, uipime kwa programu kama MemTest86 kwa saa kadhaa. Kisha ongeza prosesa, hatua moja moja, ukiipima kwa Prime95 huku ukitazama joto. Kipimo cha mwisho ni ule usiku wa kuzima ukutani, si alama uliyoipata katika mchezo.

Pawa saplai nayo ikaguliwe, ikiwezekana kwa kuazima nyingine iliyo nzima. Katika kompyuta zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, tazama zile kapasita zinazofanana na vikopo vidogo. Nyingi za wakati huo zilitengenezwa vibaya, zikavimba vichwa na kuvuja. Ubao wenye kapasita zilizovimba haufai kuongezewa kasi hata kidogo.

Wakati mwingine tiba ni toleo jipya la BIOS. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa zake kadhaa za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipewa volti ya kupita kiasi, ikatoa marekebisho yaliyosambazwa kupitia BIOS na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Mwenye prosesa za aina hiyo asiyefanya mabadiliko hayo anahangaika bure na namba. Lakini umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, ubao mzima unaweza kuishia hapo. Usiifanye bila UPS iliyochajiwa, na ujue kwamba toleo jipya kwa kawaida hufuta mipangilio yako.

Kabla ya kufuta au kusasisha chochote, piga picha za kurasa zote za BIOS kwa simu. Ukurasa wa diski ndio wa kuangalia zaidi. Mipangilio ya kiwandani ikibadilisha namna ubao unavyozungumza na diski, Windows itashindwa kuamka, na wapo waliokwishaambiwa kwamba diski zao zimekufa kumbe ilitakiwa kurudisha neno moja tu mahali pake. Wanaotumia BitLocker, ile ya kufunga diski kwa siri, wanaweza kuulizwa ufunguo wa tarakimu 48 baada ya BIOS kuguswa. Anayeukosa amepoteza kila kilichomo, kwa hiyo utafutwe kabla.

Msomaji anaweza kuuliza kuna ubaya gani kuulazimisha ubao ufanye kazi ukingoni, mradi unawaka. Ubaya ni kwamba RAM inayokosea hailalamiki. Hubadilisha tarakimu moja katika hesabu za duka au ukurasa wa tasnifu, kosa hilo likaandikwa kwenye diski na kunakiliwa hata kwenye nakala ya akiba. Kompyuta inayozima ghafla ina nafuu, kwa sababu angalau mwenyewe ameona.

Ubao wenyewe huwa na hatia pale ambapo betri ni mpya na imepimwa, jampa iko mahali pake, pawa saplai imebadilishwa, mipangilio ni ya kiwandani, na bado saa inapotea kila asubuhi. Hapo tazama kishikizo cha betri kama kina kutu au alama za maji, kwani kutu hiyo huweza kusafishwa. Ikiwa pako safi, chipu inayobeba saa huenda imeharibika, na kwa kompyuta nyingi za bei ya kawaida gharama ya kuibadilisha haitapishani sana na kununua ubao mwingine uliotumika.