Je, Wajua? Kwa Nini Mzabibu Umestawi Dodoma, si Kisumu

Mji wa Kisumu, ulio karibu kabisa na ikweta ukingoni mwa Ziwa Victoria, na ule wa Dodoma nchini Tanzania yote imeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini Dodoma ndiyo yenye mashamba makubwa ya mizabibu, kwa sababu mvua zake hunyesha msimu mmoja na kiangazi chake ni kirefu, ilhali Kisumu hupata mvua za masika na za vuli, na unyevu mwingi huchochea kuvu wanaoharibu majani na matunda. Kwa kuwa Dodoma hakuna majira ya baridi ya kuupumzisha mmea, mkulima wa huko huupogoa, yaani huupunguza matawi ili uchipue upya, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Mkazi wa Kisumu anayejifunza kuonja mvinyo angefanya vyema kuanza na Makutupora, zabibu nyekundu ya Dodoma, ambayo maganda na mbegu zake zina tanini, kemikali inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, kisha ailinganishe na Chenin Blanc, zabibu nyeupe yenye asili ya Ufaransa, ambayo uchachu wake hujaza mate kinywani na hupatana vizuri sana na ngege wa kukaanga.