Mistari Imejaa, Mbona Simu Haiendi?

Na Mwandishi Wetu

UKO sokoni Chanika, pale Handeni mjini. Shemeji yako yuko Manundu, Korogwe, anasubiri umthibitishie bei ya mahindi kabla lori halijaondoka. Unatoa simu, unaitazama: mistari ya netiweki imejaa kama meno ya mtoto wa shule. Unapiga. Kimya. Unapiga tena, unaambiwa mteja hapatikani. Unajaribu kwa intaneti, kiduara kinazunguka wee mpaka kichwa kinauma.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. "Shemeji kazima simu makusudi, huyo!" Mwingine anaitupia lawama simu yenyewe, anaitoa betri na kuipuliza kama kaa la moto. Wapo hata walionunua laini mpya siku hiyo hiyo.

Jamani, poleni. Shemeji hana kosa na simu haina ugonjwa. Tatizo liko mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupatazama: njia inayounganisha mnara na mnara.

MISTARI HAISEMI YOTE

Ile mistari kwenye kioo cha simu inapima kitu kimoja tu, nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara ulio jirani. Basi. Haijui kama huo mnara una njia ya kutokea. Ni kama mtu aliyesimama stendi akaona basi limepaki limewashwa taa, akadhani safari ipo. Kumbe daraja la mbele limechukuliwa na maji.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65 hivi kwa lami. Lakini usidhani sauti yako inaruka moja kwa moja kutoka mnara wa huku hadi mnara wa kule. Inatoka mnarani, inapita mnara mwingine na mwingine, inashika mkongo, na mara nyingi inakwenda hadi kwenye mitambo mikubwa ya kampuni katika miji kama Dar es Salaam. Huko inaulizwa inakwenda kwa nani, halafu inarudishwa tena Tanga mpaka Manundu. Jirani anamwita jirani, lakini sauti imekwenda mjini na kurudi!

Usiogope umbali. Ndani ya mkongo, mwanga hukimbia kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwenda Dar na kurudi ni kama kupepesa jicho, tena jicho lenyewe linachelewa. Adui wa simu yako ni wawili: foleni, na kiungo kilichokatika.

ENZI ZA "TRENI"

Wazee wa Korogwe wanaijua reli. Treni ya kutoka Tanga ilifika pale mwaka 1902, na mji ukakua kando ya reli na mashamba ya mkonge. Basi na simu za mkononi zilipoanza nchini, Mobitel ikiwa ya kwanza mwaka 1994 na Vodacom ikiingia Agosti 2000, njia za kati ya minara zilikuwa kama reli.

Njia hizo mafundi waliziita E1. Piga picha ya treni yenye mabehewa 32. Mabehewa 30 ni ya sauti, moja la kuweka mpangilio, na moja la maelekezo ya nani anampigia nani. Treni hiyo iliondoka mara 8,000 kila sekunde, iwe na abiria au iwe tupu. Ujanja wa simu za mkononi ulikuwa kubana sauti hadi behewa moja likabeba watu wanne, mshikaki kabisa, na bado wakaelewana.

Uzuri wa treni ni nidhamu. Ukishapata behewa lako hakuna wa kukusukuma. Ubaya wake ni ubishi. Usiku wa manane watu wamelala, mabehewa yanakwenda matupu. Saa moja jioni kila mtu anapiga, anayekosa nafasi anabaki stesheni. Ukitaka nafasi zaidi lazima ukodi treni nyingine nzima, nayo E1 ilikuwa ghali.

Kisha watu wakaacha kuongea tu. Wakataka picha, video, muziki, na kumwona mjukuu aliyeko Muscat akicheka. Treni ya watu haiwezi kubeba ng'ombe, mkaa na machungwa kwa pamoja.

IKAJA BARABARA KUU

Hapo ndipo ilipoingia Etheneti. Msishangae jina, ni kitu cha zamani. Mmarekani Robert Metcalfe na mwenzake David Boggs waliibuni mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, shida yao ikiwa kuunganisha kompyuta za ofisini. Mwaka 1983 ikawa kanuni rasmi. Waya ule wa bluu au wa kijivu unaouona nyuma ya kompyuta kule benki, ndio huo huo mtindo. Leo umepanda juu ya minara.

Etheneti haina mabehewa. Ni barabara kuu kama ile ya Chalinze hadi Segera. Kila mwenye mzigo anaufunga katika pakiti, anaandika anwani, anaingia barabarani. Kama hakuna mzigo, barabara iko wazi kwa wengine. Ndiyo maana ni rahisi kuipanua na gharama inashuka.

Lakini nani hajui kasheshe ya barabara kuu? Malori, mabasi, bodaboda na gari la wagonjwa, wote njia moja!

Sauti ndiyo gari la wagonjwa. Simu inakata maneno yako vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde. Video ikichelewa kidogo hakuna anayekufa, itasubiri, itaendelea. Sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 hivi, watu wanaanza kukatizana: "Haloo? Haloo? Sema wewe! Hapana, sema wewe!" Kwa hiyo fundi makini hupiga muhuri kwenye pakiti za sauti zipishwe mbele. Asipofanya hivyo, kijana mmoja anayeangalia mpira kwa simu anaweza kukwamisha maneno ya mama anayeita msaada.

Na kuna kichekesho kingine. Kipande kimoja cha sauti kina baiti 31 hivi. Bahasha ya anwani inayokifunika ina baiti 40, na hapo bahasha ya Etheneti yenyewe hujaihesabu! Barua nyepesi kuliko bahasha. Ndiyo maana mafundi hukusanya sauti za watu kadhaa katika bahasha moja, au huifupisha anwani, ili njia nyembamba isijae makaratasi matupu.

MDUNDO WA NGOMA

Treni ilikuwa na faida moja ambayo watu waliikumbuka baada ya kuiacha. Ilileta saa. Minara lazima icheze kwa mdundo mmoja, kama wapiga ngoma kwenye harusi. Mmoja akiharakisha, wachezaji wote wanagongana.

Mdundo huo unabana kweli kweli. Saa ya mnara hairuhusiwi kupotoka zaidi ya sehemu 50 kwa kila bilioni. Kwa lugha ya nyumbani, ni saa ambayo kwa mwaka mzima haikosei hata sekunde mbili. Etheneti ya ofisini haikujali mambo hayo. Ikabidi zitungwe kanuni mpya za kupitisha saa ndani ya pakiti, toleo la kwanza mwaka 2002 na la pili mwaka 2008. Minara mingine huchukua saa kutoka kwenye setilaiti za GPS. Bila mdundo huo, ukiwa ndani ya basi simu inakatika kila unapobadilisha mnara.

Na hapo kuna jambo tamu. Umepanda basi Handeni kwenda Korogwe, unaongea. Mnara wa nyuma unafifia, wa mbele unakuja. Katika mitambo ya zamani, minara hiyo miwili haikuwa na ruhusa ya kusemeshana, kila kitu kilipelekwa kwa bosi wao. Katika 4G minara inaweza kusemezana yenyewe. Wa nyuma unamwambia wa mbele, "Mteja wangu anakuja kwako," kisha unamrushia pakiti zilizobaki. Wewe huku unaendelea kumsengenya jirani bila kujua lolote.

Mitambo mingine inakwenda mbali zaidi, inaruhusu simu ya hapa kwa hapa isizungushwe kwa bosi. Kwa kijiji kinachotegemea setilaiti hilo ni jambo kubwa. Setilaiti za kawaida za mawasiliano ziko kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ya kumwita mtu wa nyumba ya tatu ikipanda huko, ikashuka, ikapanda tena na kushuka, inafika imechelewa nusu sekunde. Kwa nini isipite mtaani tu?

HESABU YA KUSIKITISHA

Sasa twende kwenye kiini. Minara mingi ya vijijini imepangwa kama mnyororo. Wa mwisho unategemea wa kabla yake, na huo unategemea mwingine, kwa madishi yanayotazamana. Yanataka kuonana uso kwa uso, na nchi yetu ina vilima: huku vilima vya Handeni, kule ukuta wa Usambara.

Chukua kalamu. Tuseme kila kiungo kinafanya kazi asilimia 99 ya muda. Si haba, eti? Kwa kiungo kimoja, ni siku tatu na nusu hivi za kimya kwa mwaka. Lakini kijiji kilicho nyuma ya viungo vitano kinabaki na asilimia 95 tu. Hizo ni siku 18 za kimya kila mwaka, na mnara wao umesimama pale pale na taa yake nyekundu, mistari ikiwa imejaa.

Siku 18 siyo za kupiga soga. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa benki ya mwanakijiji. Ada ya mtoto, dawa, mbolea, vyote viko humo. Mjamzito akizidiwa usiku, familia inaweza kupiga 115 bila malipo kuomba usafiri wa dharura wa m-mama. Namba ya bure haina thamani kama pakiti zimekwama mnara wa tatu.

Hata nchi nzima imewahi kuonja. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani. Minara ilikuwa mizima. Njia ndiyo iliyokufa.

PETE INAYOCHORWA NA LAMI

Dawa ipo, na wenyeji wanaijua kwa miguu. Fungua ramani. Toka Handeni hadi Korogwe, teremka Segera, pita Kabuku, fika Mkata, kisha kilomita 54 urudi Handeni. Umezunguka. Hiyo ni pete. Barabara ikikatika upande mmoja, dereva mjanja anapita upande wa pili.

Etheneti nayo inaweza kufungwa kwa pete. Kuna kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2008 inayowezesha pakiti kugeuza njia ndani ya milisekunde 50 kiungo kimoja kikifa. Mwenye simu hata hashtuki. Lakini pete inataka fedha, umeme wa akiba na kampuni kukubali kuchangia njia badala ya kila mmoja kuchimba mtaro wake.

Tumezoea kuhesabu minara. Mei 2023, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba ya kujenga minara 758 nchini. Jambo jema, tena sana. Ila kuhesabu minara bila kuhesabu njia ni kama kujenga zahanati na kusahau barabara ya kufika.

WEWE UFANYEJE?

Kwanza, mistari ikijaa na simu haiendi, jaribu ujumbe mfupi. Ni mwepesi, unaweza kupenya pale video inaposhindwa.

Pili, na hili likae kichwani: kama umetuma pesa na jibu halikuja, usitume tena kwa papara. Angalia salio kwanza. Huenda pesa ilishakwenda na jibu ndilo lililokwama njiani. Wengi wamelipa mara mbili, kisha wakaanza safari ya kubembeleza.

Tatu, andika siku, saa na mahali, uipigie kampuni yako. Wasipokujali, mamlaka ya TCRA imekuwepo tangu mwaka 2003 na malalamiko ya wateja ni kazi yake.

Na wageni wakija kijijini kwenu kuahidi mnara, pigeni makofi, wapikieni hata kuku. Lakini kabla hawajapanda gari, mzee mmoja asimame aulize: mnara huu utapitia njia gani kutoka, na njia hiyo ikikatika, ya pili iko wapi? Wakijikuna vichwa, mjue kuku ameliwa bure.