Mshumaa na Wino: Kadi za Kutengeneza Nyumbani

Sikukuu ikikaribia, au ndugu akifunga ndoa, au jirani akifiwa, twapenda kumpelekea neno letu juu ya kadi. Kadi za dukani zapendeza, lakini mwenye jamaa wengi hawezi kumnunulia kila mtu. Tena nyingi zina picha za theluji na miti ambayo bibi kule kijijini hajaiona maishani mwake. Basi, akina mama, tazameni kabatini. Mkipata kipande cha mshumaa, chupa ya wino na mswaki uliochakaa, mnavyo karibu vyote vya kutengenezea kadi ambazo duka lolote halina.

Siri yake ni moja tu: nta na maji havipatani. Palipopakwa nta, karatasi hainywi rangi ya maji; rangi huteleza, ikakimbilia pasipo nta. Kwa hiyo katika kazi hii kukinga hutangulia, na rangi hufuata. Yapasa kuamua kwanza ni mahali gani pabaki peupe, kwa maana rangi ikishaingia haitoki tena.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto tu. Watu wa kisiwa cha Java huchora kwa nta ya moto juu ya kitambaa, kisha hukitia katika rangi. Hiyo ndiyo batiki, na mwaka 2009 UNESCO iliiandika batiki ya Indonesia miongoni mwa urithi wa wanadamu. Kule Nigeria, wanawake wa Kiyoruba hawakuhitaji nta. Walipika uji mzito wa wanga wa muhogo, wakachora kwa unyoya wa kuku, kisha wakachovya kitambaa katika nili. Na katika miaka ya 1940 na 1941, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, Henry Moore aliwachora watu waliolala katika vituo vya reli ya chini ya ardhi. Alichora kwa kalamu za nta, akapitisha rangi ya maji juu yake.

Haya, tuanze kazi.

Namna ya kwanza: mshumaa

Twaa karatasi nene, nyeupe, isiyong'aa. Ikunje katikati iwe kadi. Chonga ncha ya mshumaa mweupe kwa kisu, kisha chora juu ya uso wa kadi: mistari, nyota, mawimbi, au maua kama yale ya kanga. Kandamiza sana, maana nta ikiwa chache rangi itapenya. Huwezi kuona vizuri ulichochora, basi iinamishe karatasi kuelekea dirishani, nta itang'aa.

Changanya kijiko kimoja cha wino na vijiko vitatu vya maji. Rangi ya chakula yafaa pia, lakini rangi ya mafuta haifai kabisa, maana yenyewe haiogopi nta. Chovya brashi au pamba, upitishe mara moja upande hata upande. Usirudierudie. Hapo mchoro utatokea mweupe, na watoto watashangilia.

Ukitaka rangi mbili, anza na ile nyepesi. Paka manjano, iache ikauke kabisa, kisha chora tena kwa mshumaa. Halafu pitisha buluu. Nta ya kwanza imekinga weupe, ya pili imekinga manjano, na sehemu iliyobaki itakuwa kijani. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa batiki, rangi juu ya rangi.

Kalamu haiandiki vizuri juu ya nta, kwa hiyo salamu ziandikwe ndani ya kadi. Na msiyeyushe mshumaa jikoni kwa kazi hii: nta ya moto huwaka upesi, na hapa mshumaa wa baridi watosha.

Namna ya pili: jani

Hapa jani ndilo linalokinga. Chuma jani la muhogo, la mwarobaini, au lolote lenye umbo zuri. Libane ndani ya kitabu kizito usiku mmoja lilale bapa. Kesho yake tandika magazeti makuukuu mezani, weka kadi, weka jani juu yake, na vijiwe vidogo vya kulizuia lisisogee.

Chovya mswaki katika wino usiochanganywa na maji mengi, uukung'ute vizuri. Ushike juu ya kadi, kisha pitisha kijiti juu ya nywele zake ukikivuta kuelekea kwako. Matone madogo kama manyunyu yatarukia mbele. Mswaki ukilowa mno, matone yatakuwa makubwa na kuharibu kazi. Jaribu kwanza juu ya karatasi ya kutupa. Subiri wino ukauke ndipo uinue jani. Umbo lake litabaki jeupe, hata meno ya ukingo wake.

Kwa kadi ya kumpa pole mfiwa, jani moja na wino hafifu vyatosha, usiongeze mapambo. Kwa arusi, majani mawili yaliyokabiliana hupendeza. Kadi zikishakauka, zilaze chini ya kitabu kizito, maana karatasi iliyolowa hupenda kujikunja.

Na kama una mtoto aliye shule ya bweni, au kaka aliyekwenda kazi mbali, mchumie jani la mti ulio mlangoni penu. Akiifungua bahasha atalitambua kabla hajasoma jina la aliyemwandikia.