Kompyuta Iko Mbali, Kanuni Zake Ziwe za Hapa

Kila baada ya dakika 90 hivi, kompyuta ya Windows iliyosajiliwa kwenye domeini ya ofisi huiuliza seva kuu kama kuna maagizo mapya. Mfumo huongeza muda wa kubahatisha usiozidi dakika 30 ili kompyuta zote zisiulize kwa wakati mmoja. Mtumiaji haoni lolote. Anaendelea na barua yake huku mashine ikipokea amri: skrini ijifunge baada ya muda gani, fleshi ikubaliwe au ikataliwe, nani aruhusiwe kuingia. Maagizo hayo huitwa sera za kundi, na yalikuja na Windows 2000. Fundi huliandika agizo mara moja, akalielekeza kwa kundi la watumiaji au la kompyuta, nalo likafika lenyewe kila linapotakiwa kufika.

Kwa mtu wa Nambis, Dongobesh, Haydom au Katesh, jambo hili lina uzito. Mbulu na Hanang ni wilaya pana zenye vituo vilivyotawanyika milimani na mabondeni, na afisa TEHAMA hawezi kupanda gari kila zahanati au shule inapopata tatizo la kompyuta. Ndiyo maana desktopu za mbali zinafaa kutazamwa huku kwa makini kuliko hata mjini.

Desktopu ya mbali ni hivi: programu na mafaili hukaa kwenye seva, na kwa mtumiaji hufika picha ya skrini tu. Akibonyeza herufi, mbonyezo husafiri hadi kwenye seva na picha mpya hurudi. Microsoft iliuza toleo lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1998, katika Windows NT 4.0. Leo watumishi wengi wanaweza kugawana seva moja, au kila mmoja akapewa kompyuta pepe yake ndani ya seva hiyo. Kompyuta kuukuu mezani inatosha, kwa sababu kazi nzito haifanyiki hapo.

Faida nyingine, kwamba kumbukumbu hazikai kwenye kompyuta ya mezani, wakazi wa Hanang hawahitaji kufafanuliwa kwa kirefu. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang viliteremka hadi Katesh na vijiji jirani, vikaua zaidi ya watu 80 na kufukia nyumba na maduka. Hakuna teknolojia inayofidia msiba kama ule. Lakini ofisi ambayo kumbukumbu zake zote zimo kwenye kompyuta moja chini ya meza ina jambo la kufikiria, maana kompyuta ikifukiwa, na orodha ya wagonjwa au ya wanafunzi imefukiwa pamoja nayo.

Sasa tuingie kwenye mipangilio yenyewe. Ulio muhimu kuliko yote kwa Nambis hauhusu wadukuzi. Unahusu umeme.

Chukua mfano wa mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya anayeingiza taarifa za kliniki ya watoto. Umeme unakatika, skrini inazimika. Kwenye kompyuta ya kawaida, kile ambacho hakikuhifadhiwa kimepotea. Kwenye desktopu ya mbali, kazi yake, ambayo mafundi huiita kikao, bado iko hai kwenye seva, programu zikiwa wazi na kishale kikiwa palepale alipokiacha. Kilichokatika ni mawasiliano tu. Umeme ukirudi, au akiazima kompyuta mpakato yenye chaji, anaingia upya na kuendelea na mstari uleule.

Je, seva imsubiri kwa muda gani? Hapo ndipo sera inapoamua. Ikiachwa bila kupangwa, Windows huhifadhi kikao kilichokatika bila kikomo, na seva hujaa vikao vya watu waliokwenda nyumbani tangu Ijumaa. Ikipangwa dakika 15, kama wanavyopenda wasimamizi wa miji yenye umeme wa uhakika, mtumishi wa Nambis hupoteza kazi kila umeme unapochelewa kurudi. Kinachofaa huku ni saa kadhaa, hata siku nzima ya kazi, kisha kikao kifungwe usiku. Sambamba na hilo iwekwe sera inayompa kila mtumiaji kikao kimoja tu, ili anaporudi akute kile cha mwanzo, asifunguliwe kipya.

Kikao kilichokaa kimya, ambacho mtu amekiacha wazi akaenda kunywa chai, kina kikomo chake kingine. Hapa dakika 20 au 30 zinaeleweka, kwa kuwa skrini yenye majina ya wagonjwa haipaswi kubaki wazi. Seva humwonya mtumiaji dakika mbili kabla. Kuna kitu cha kuangalia hapo: sera moja hukata mawasiliano na kuacha kazi hai, nyingine humaliza kikao kabisa pamoja na yote yaliyomo. Majina yake kwenye orodha yanakaribiana, na aliyechagua ya pili bila kusoma maelezo atalaumiwa na ofisi nzima.

Mtego mwingine unahusu kuchanganya sera. Sera za kundi huanza na za kompyuta yenyewe, zikafuata za eneo la mtandao, za domeini, na mwisho za kitengo. Zikigongana, kwa kawaida ya mwisho ndiyo inayoshinda. Mhasibu ana sera zinazomfuata kwa sababu ni mhasibu, na baadhi zinafaa kwenye kompyuta yake peke yake. Anapoingia kwenye seva inayotumiwa na watu 30, hafai kuwa na kitufe cha kuizima. Mafundi hutumia mpangilio uitwao lupubeki, ambao humfanya mtumiaji afuate sera za mashine aliyoingia, kama mgeni anavyofuata desturi za nyumba aliyokaribishwa. Fundi anaweza kuchanganya sera za pande zote mbili, au kuziweka kando kabisa zile za mtumiaji. Wasimamizi wengi wanaohangaika na desktopu za mbali zisizotii amri huwa wameusahau mpangilio huu.

Kisha kuna milango ya pembeni. Desktopu ya mbali inaweza kuunganishwa na fleshi, diski, printa na ubao wa kunakili wa kompyuta iliyo mezani. Ni raha kwa mtumiaji, lakini ni njia pia ya kutoa majalada 500 ya wagonjwa kwa sekunde chache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa kituo cha afya, printa iachwe, diski na fleshi zifungwe, na ubao wa kunakili ufunguliwe pale tu ambapo kazi haiwezekani bila huo.

Usalama wa mlango mkuu usiachwe kwa bahati. Huduma hii hutumia lango namba 3389, na Mei 2019 uligunduliwa udhaifu uliopewa jina la BlueKeep, mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa marekebisho hata kwa Windows XP iliyokuwa imeshaachwa. Sera ya kudai uthibitisho wa mtumiaji kabla kikao hakijafunguliwa iwashwe, akaunti ijifunge baada ya nywila kukosewa mara kadhaa, na lango hilo lisiwekwe wazi kwenye intaneti.

Kuhusu mtandao mwembamba, Windows huhesabu kuwa njia ni ya polepole ikiwa chini ya kilobiti 500 kwa sekunde, na hapo baadhi ya sera, kama za kusakinisha programu, hazitekelezwi. Kompyuta iliyosajiliwa moja kwa moja kutoka kijijini inaweza kukosa baadhi ya maagizo bila mtu kujua. Desktopu ya mbali inalikwepa tatizo hilo, kwa kuwa seva inayopokea sera iko jirani na seva inayozitoa. Picha ya skrini ndiyo inayobaki kusafiri, nayo hupunguzwa uzito kwa sera za kuondoa picha ya mandhari na kupunguza rangi.

Lakini hakuna sera inayounga kebo iliyokatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Ofisi ambayo desktopu zake zingekuwa kwenye kituo cha Microsoft mjini Johannesburg ingetaabika. Seva iliyoko Arusha, Dodoma au Dar es Salaam hufikiwa kupitia Mkongo wa Taifa, bila kuvuka bahari, na kwa halmashauri za Mbulu na Hanang hilo lipewe uzito kabla ya bei.

Sera zikishaandikwa, zijaribiwe kwa kundi dogo: mhasibu mmoja, muuguzi mmoja, mwalimu mmoja. Amri ya gpupdate huzileta bila kusubiri dakika 90, na gpresult huonyesha zipi zimekubaliwa, zipi zimekataliwa na kwa sababu gani. Baada ya hapo mmoja wao azimiwe kompyuta kwa makusudi, asubiri saa moja, kisha aingie tena aone kama mstari aliouacha bado upo.