Achana na Kioo, Njoo Jukwaani

Wanangu, tuongee kishkaji. Kibanda umiza kina raha zake, sikatai. Kiingilio chee, feni inazunguka, goli unarudishiwa mpaka ulichoke. Ila mwana, kama unaishi Tabora, mechi ya Ligi Kuu inapigwa Ali Hassan Mwinyi, halafu wewe umejibanza kibandani Kanyenye unaitazama mechi hiyo hiyo kwenye kioo, hapo unajizingua mwenyewe. Uwanja uko mwendo wa boda tu.

Najua utaniambia nini. "Bro, niende kuangalia tukifungwa?" Poa, tuanzie hapo hapo kwenye kufungwa.

Tarehe 7 Novemba 2024, Tabora United walishuka Chamazi, Dar, wakamkalisha Yanga 3-1. Bingwa mtetezi huyo! Offen Chikola katupia mbili peke yake. Bonge la ushindi, na sisi wa huku tuliuona kwenye kioo. Leo ukitaka nikusimulie, nitakusimulia kama muvi ya kutafsiriwa. Sasa niulize kuhusu Februari 2024, Mnyama, yaani Simba, alipokuja hapa hapa Tabora akatuchapa 4-0. Aisee! Hiyo nakupa mpaka harufu. Nakupa kijana wa karanga alikuwa anapita upande gani, nakupa mzee aliyevua kofia akajipepea huku anaongea peke yake, nakupa dogo aliyeanza kulia halafu akasahau kulia kwa sababu barafu yake ilikuwa inayeyuka. Kipigo cha laivu kimeniganda kuliko ushindi wa king'amuzi. Maana yake raha ya uwanjani haina mkataba na matokeo. Inakaa kwenye vitu vidogo ambavyo kamera haina habari navyo.

Twende navyo kimoja kimoja.

Kupiga pamba ni urithi

Mechi saa kumi jioni, lakini toka saa sita mchana geto zima liko bize. Huyu anasugua raba kwa mswaki uliostaafu, yule anapasi jezi kwa pasi ya mkaa maana umeme umekata, mwingine anazunguka vyumba vya watu anaomba mafuta ya kujipaka. Kuna wanoko wanasema ni ushamba kujipamba ili ukakae kwenye zege. Waambie mji huu umeanza zamani.

Burton na Speke, wale Wazungu waliokuwa wanahangaika na maziwa makuu, waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857. Ndiyo, tarehe ile ile ya Chikola, miaka 167 kabla. Mji wakiuita Kazeh. Walikuwa na siku 134 toka waondoke pwani, wapagazi wamechoka, mzigo wa kilo thelathini na ushee juu ya bega. Lakini kabla ya kuingia mjini watu walifungua mabunda, wakatoa nguo zao kali, wakavaa, ndipo wakaingia kwa baragumu na milio ya bunduki huku wenyeji wamejipanga kuwashangaa. Ndivyo misafara ilivyoingia Unyanyembe, yaani huku kwetu. Kinyonge hakuna.

Kwa hiyo ukiona mwana kashuka kwenye Noah kutoka Nzega, kasafiri kwa kubanwa mbavu, halafu kabla ya kukata tiketi anajificha nyuma ya kibanda cha vocha anabadilisha fulana, muheshimu. Anafanya walichofanya mababu. Bunduki tumeziacha, vuvuzela zipo.

Kuhesabu kumi na moja

Raha hii wanaielewa wa Tabora tu. Timu yetu, enzi hizo ikijulikana kama Kitayosce, ilicheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu Agosti 2023 dhidi ya Azam kule Chamazi ikiwa na wachezaji nane. Nane! Mambo ya usajili yaligoma. Wakapigwa nne chapuchapu, wakaumia wengine, wakabaki chini ya saba, na sheria ya mpira hairuhusu kuendelea hapo. Refa kapuliza, watu wakarudi nyumbani mapema. Nchi nzima ilitucheka wiki mbili.

Ndiyo maana timu ikitoka kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, mimi sishangilii kwanza. Nahesabu. Moja, mbili, tatu... golikipa wa mwisho anarekebisha glovu... kumi na moja. Hapo ndipo roho inatulia. Kwenye kioo wanakuonyesha vikosi kwa mapicha na namba, kila kitu kimepangwa. Jukwaani unawaona kwa vimo vyao halisi. Beki uliyedhani ni jitu, kumbe kafupi tu ila kamejaa. Winga uliyemtukana wiki nzima mtaani, anapita mita chache mbele yako, na unagundua ni dogo wa rika lako, kanyoa vizuri, ana woga machoni. Matusi yanakwama kooni.

Tena wachezaji ni watu wa kupita. Chikola huyo huyo, mwaka 2025 Yanga wakamchukua. Aliyemuona akinyoosha misuli pale pembeni mwa uwanja wetu anacho cha kusimulia. Aliyekuwa anasubiri, alibaki na kioo.

Hata jina la timu limepita. Mwaka 2025 ikawa TRA United, ya watu wa mapato. Nyuki wa Tabora tumeingia mikononi mwa wakusanya kodi, na utani ukaanza siku hiyo hiyo: ukifungwa, dai risiti.

Barafu ya mia mbili

Kwenye msosi wa jukwaani, mambo ni haya: karanga kwenye kikaratasi kilichosokotwa, yai la kuchemsha linapasuliwa mbele yako na kutiwa kachumbari na pilipili, miwa iliyokatwakatwa, na mfalme wa wote, barafu ya ubuyu ndani ya kimfuko. Unang'ata kona, unanyonya, vidole vinakufa ganzi huku shingo inaungua na jua.

Nilimtumia picha ya barafu yangu mshkaji mmoja wa Nairobi. Jamaa akajibu kwa voisi, Sheng tupu: "Maze buda, hiyo ni kidogo. Huku tuna barafu ya kuchezea gemu." Nikajua ananipiga kamba. Kumbe kweli. Pale hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, kuna uwanja wa barafu toka 2005, na kuna timu ya hoki ya barafu inaitwa Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walipelekwa Kanada, wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, ambao kule kwao ni kama unaongelea Messi. Septemba 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Majirani hawana dogo.

Nikamuuliza, raha iko wapi? Watu wamevaa makofia, wanakimbiza kidude cheusi cha raba ambacho hata hakionekani. Akaniambia hivi: "Kwa TV huwezi kiona, kiko mbio sana. Lakini ukiwa hapo, unaskia vile viatu zinakata barafu. Mtu akigongwa kwa ukuta, hata wewe unaskia kwa mbavu. Na kuna baridi ingine mbaya, msee."

Nikakaa kimya, maana jamaa alikuwa ameongelea Ali Hassan Mwinyi bila kujua. Badilisha baridi weka jua, badilisha ukuta weka njumu. Wawili wakigombea mpira wa juu na vichwa vikakutana, kile kishindo kikavu, "ko!", watu wote jukwaani wanashika vichwa vyao wenyewe. Kwenye kioo sauti hiyo inamezwa na mtangazaji.

Macho ni yako

Kamera ina kazi moja, kufuata gozi. Wewe uko huru. Mpira ukiwa kulia, mtazame beki wa kushoto. Anafunga kamba, anakunywa maji ya wizi, anamwambia winga wa timu pinzani kitu, wote wawili wanacheka, halafu sekunde kumi baadaye wanaumizana kweli kweli. Mtazame golikipa, huyo haachi kuongea dakika tisini, anapanga watu kama mpiga debe wa stendi. Mtazame aliyetolewa dakika ya sitini. Kamera inamuacha akikaa benchi, wewe unaona anavyovua soksi taratibu na kuangalia chini mpaka mwisho wa mechi.

Kaa nyuma ya goli uone ishu ya ajabu. Golikipa wa upande ule anapiga mpira, unamuona mguu umegonga, halafu ndipo "pu!" inakufikia. Sauti inasafiri, na uwanja ni mrefu. Ni kitu cha sekunde hata haijatimia, lakini ukishakiona hutaacha kukisubiri.

Halafu hakuna marudio. Ukiinamia karanga zako goli likaingia, limeingia. Hapo unategemea majirani, na majirani Mungu anawaona.

"Shikamoo mzee. Nani kafunga?"

"Marahaba. Si yule mrefu."

"Babu acha hizo," anadakia dogo wa nyuma, "kajifunga beki."

"Wewe umezaliwa lini? Mimi nimewaona Milambo nikiwa na nywele kichwani, leo unifundishe kujifunga?"

Basi hapo mechi imehama. Mzee anakumwagia Milambo, timu iliyobeba jina la mtemi aliyewanyima usingizi wafanyabiashara wa njia hii ya misafara. Anashuka mpaka Rhino Rangers, wanajeshi waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 wakashuka humo humo. Anakuonyesha kwa kidole straika fulani alikuwa anapenda kusimama wapi. Unapata historia ya soka la mji bure, na aliyefunga bado hujamjua. Utamjua usiku.

Jezi mbili

Sasa tuseme lile ambalo watu wanalificha. Tabora tunaipenda timu yetu, lakini wengi tulizaliwa Simba au Yanga. Mnyama akija, jukwaa linakuwa jekundu mpaka mgeni anaweza kudhani yuko Dar. Wananchi wakija, ni kijani na njano. Aprili 2025 Yanga walikuja wakalipa kisasi, 3-0, na kuna wenyeji walirudi nyumbani wanaimba.

Kwenye kioo hilo linaonekana kama usaliti. Ukiwa pale pale, ni komedi ya daraja la kwanza. Kuna jamaa utamkuta amevaa koti la Nyuki juu, jezi ya Mnyama ndani. Kipindi cha kwanza zipu imefungwa mpaka kidevuni. Goli la kwanza la Simba, zipu inashuka kidogo, anasingizia joto. Goli la pili, ipo kifuani. Tunamtazama yeye kuliko mpira. "Kaka, joto limezidi?" anaulizwa. "Limezidi sana, mdogo wangu." Goli la tatu koti liko kiunoni na mtu anaruka. Hamna anayempiga, hamna anayemtukana. Mji uliokaa miaka na miaka njia panda, ukipokea Waarabu, Wamanyema, watu wa pwani na wa ziwani, unajua kuishi na mtu mwenye kwao mara mbili.

Ukiamua kuja

Fika mapema, saa nane isikukute nyumbani. Kupasha misuli ni nusu ya shoo, na ndio muda pekee utakaosikia makocha wanavyoongea na wachezaji wao kabla kelele hazijaanza. Kofia muhimu. Chenji muhimu zaidi, muuza barafu hana muda na msimbazi wako. Usikae peke yako kwenye kona eti unaona vizuri. Kaa karibu na wazee, kaa mbele ya madogo wenye midomo. Simu weka mfukoni. Ukirekodi mechi nzima, umelipa kiingilio ili uangalie kioo, na kioo ulikiacha kibandani kwa bei nafuu.

Na kama bado umegoma, basi tusisumbuane. Ila umeme ukikata dakika ya themanini, matokeo mbili mbili, usinipigie simu kuniuliza imeishaje. Sitapokea. Nitakuwa nabishana na mzee kuhusu nani alifunga.