Bahati au Ustadi? Hesabu za Mpira wa Magongo wa Barafuni

Katika msimu wa 2017–18, William Karlsson, mshambuliaji katika ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Marekani na Kanada, alifunga mabao 43. Msimu uliotangulia, akiwa na timu nyingine, alikuwa amefunga 6 tu. Msimu uliofuata akafunga 24. Je, alijifunza ufundi mwaka mmoja na kuusahau mwaka wa pili?

Kabla ya kujibu, yafaa kujua nasibu peke yake inaweza kufanya nini. Achukuliwe mchezaji ambaye ustadi wake haubadiliki kamwe, na kila mkwaju wake una nafasi 1 katika 10 ya kuwa bao. Akipiga mikwaju 200 kwa msimu, hutarajiwa kufunga mabao 20. Kipimo cha mtawanyiko ni kipeuo cha pili cha 200 × 0.1 × 0.9, yaani 4.2 hivi. Kwa hiyo, katika misimu 7 hivi kati ya 10, atafunga mabao 16 hadi 24. Mwaka mmoja atashangiliwa, mwaka mwingine atazomewa, naye ni yule yule! Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo hili kwa maharage tisa meupe na moja jekundu ndani ya mfuko: harage lichomolewe bila kutazama, lirudishwe, na zoezi lirudiwe mara 200.

Mabao 43 ya Karlsson, yaliyozidi 23 kwa kila mikwaju 100, yanapita mbali mipaka hiyo. Ustadi ulikuwapo. Lakini anayefika kileleni aghalabu huwa na vyote viwili, na bahati haihami naye kwenda msimu ujao. Francis Galton aliliona jambo kama hilo mwaka 1886 katika vimo vya watu: watoto wa wazazi warefu sana kwa kawaida ni warefu, ila si kama wazazi wao.

Ndiyo sababu watakwimu wa mchezo huo huhesabu pia majaribio yote ya kupiga, hata yaliyozuiwa au kupotea nje. Kipimo hicho huitwa Corsi, kwa jina la Jim Corsi, aliyekuwa mwalimu wa walinda mlango wa Buffalo. Mabao ni machache, majaribio ni mengi, na penye wingi nasibu hujisawazisha mapema zaidi. Klabu inayotia saini mkataba wa miaka mingi kwa kutazama mabao ya msimu mmoja hulipia pia ile sehemu isiyorudi.